Komba, popo au lemuri? Safari ndefu ya kuwapanga jamaa wa usiku

Katika hazina ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, kuna vipande vya mataya vya mnyama mdogo aliyeishi magharibi mwa nchi hiyo miaka ipatayo milioni 20 iliyopita. Mwaka 1967 mtaalamu mashuhuri wa visukuku, Mmarekani George Gaylord Simpson, aliyachunguza akaamua kwamba mwenyewe alikuwa wa ukoo wa komba na poto. Akampa jina la Propotto leakeyi, kwa heshima ya mtafiti wa visukuku Louis Leakey. Miaka miwili baadaye Alan Walker, yuleyule ambaye miaka ya 1980 angeshiriki kumfukua mvulana wa Turkana, kisukuku maarufu cha binadamu wa kale, aliandika katika jarida la Nature kwamba mzee amekosea: hayo mataya ni ya popo wa matunda. Hoja zake zilikubaliwa, Propotto akahamishiwa kwa popo, na huko akakaa karibu nusu karne bila wa kumuuliza.

Mtu asiye wa fani atashangaa. Komba na popo wanafananaje hata mabingwa wawili wabishane? Jibu ni kwamba tawi hili la ukoo wetu, tawi la komba, poto, lorisi na lemuri, limewapiga chenga wataalamu tangu siku ya kwanza. Ni wanyama wa usiku kwa sehemu kubwa, wana maumbo ya kila aina, na wengi wamefanana na viumbe wasiohusiana nao kabisa. Kila aliyewapanga kwa kuwatazama sura tu ilibidi apanguliwe na waliomfuata.

Tuanze na Carl Linnaeus, Mswidi aliyeweka msingi wa mpangilio wa viumbe tunaoutumia hadi leo. Katika toleo la 1758 la kitabu chake kikuu alianzisha oda ya primati, akamtia binadamu humo pamoja na kima, lemuri na, usishangae, popo. Popo waliingia kwa sababu wana matiti mawili kifuani. Kundi la lemuri nalo lilikuwa mchanganyiko: alimweka lemuri wa mkia wa mistari kutoka Madagaska, akamweka na lorisi wa Asia, akamalizia na kolugo, mnyama wa misitu ya Asia ya kusini-mashariki anayenyiririka hewani kwa ngozi iliyotandazwa kati ya miguu yake. Kolugo na popo walikuja kutolewa baadaye. Lorisi na lemuri wamebaki pamoja, na kwa hilo Linnaeus alipatia, ingawa hakuwa na njia ya kujua sababu.

Sababu ziko mahali ambapo mtu hatazami kwa kawaida. Ya kwanza ni pua. Mfaransa Étienne Geoffroy Saint-Hilaire aliligundua hilo mwaka 1812 alipowatenga wanyama hawa kwa umbo la matundu ya pua zao, na mgawanyo huo ndio unaotumika leo kwa jina la strepsirini. Pua zao ni mbichi muda wote, pua ya aina waliyo nayo mbwa na paka, na mdomo wa juu umeshikamana na ufizi. Ndiyo maana komba hawezi kukubenulia mdomo wala kukukenulia kama nyani. Uso wake hausemi mengi. Mazungumzo yake ni ya harufu na sauti. Upande wa pili wako wenye pua kavu: tumbili, mbega, nyani, sokwe na sisi wenyewe.

Ya pili ni meno, na hapa inafaa tukae kidogo. Mfunue komba taya la chini (bora aliyekufa, maana aliye hai anauma vibaya) utaona meno sita ya mbele hayakusimama. Yamelala kuelekea nje, membamba, yamebanana, mapengo ya kati ni ya kupitisha unywele tu. Hayo ni manne ya mbele pamoja na chonge mbili zilizoacha kazi ya chonge. Ni kitana. Komba na lemuri huchana manyoya yao na ya wenzao kwa meno hayo, na wengi huyatumia pia kukwangua utomvu kwenye magome ya miti. Nywele zinazonasa humo haziachwi: chini ya ulimi kuna kitu kingine mfano wa ulimi wa pili, mgumu, wenye ncha zilizokatikakatika mwishoni, ambao kazi yake ni kusafisha kitana. Mguuni nako, vidole vyote vina kucha bapa kama zetu isipokuwa cha pili, ambacho kina ukucha mrefu uliochongoka, wa kujikunia masikioni na shingoni ambako meno hayafiki.

Jicho lina lake. Nyuma ya retina kuna utando unaorudisha mwanga, hivyo mwanga hafifu wa usiku unapita mara mbili. Ukimmulika komba kwa tochi, macho hurudisha miali ya rangi ya chungwa kali. Binadamu hana utando huo, mbega pia hana.

Kuna alama nyingine ambayo haionekani kwa macho kabisa. Lemuri na komba wanajitengenezea vitamini C mwilini. Sisi hatuwezi, sokwe hawezi, tumbili hawezi. Ndiyo maana mabaharia wa zamani walikuwa wakitokwa damu kwenye fizi baada ya miezi bila matunda. Alama hii imesaidia kumaliza ubishi juu ya tasia, mnyama mdogo wa visiwa vya Asia mwenye macho makubwa kupita kiasi. Kwa muda mrefu aliwekwa pamoja na komba kwa sababu ni mdogo, anarukaruka na anatembea usiku. Lakini pua yake ni kavu, jicho lake halina ule utando, na vitamini C hatengenezi. Pamoja na udogo wake, tasia ni wa upande wa nyani na wetu.

Sasa tuje kwetu. Ukiishi Tanga, Mombasa, Kilwa au Unguja, huhitaji kitabu kikuambie komba yupo. Usiku wa manane kitu kinalia mwembeni kama mtoto mchanga aliyeachwa peke yake, kinanyamaza, kisha mlio wa pili unajibu kutoka minazi ya jirani. Huyo kwa kawaida ni komba wa Garnett, mwenye uzito wa robo tatu za kilo hivi na mkia mnene unaoupita mwili kwa urefu. Anakula matunda na wadudu, na kwa wagema sifa yake ni mbaya: hupanda mnazi usiku akatia mdomo kwenye kibuyu cha tembo. Wako waliomkamata kirahisi kwa kumwachia bakuli la tembo chini ya mti.

Wapo na komba wadogo, ambao watu wengi wamewasikia bila kuwatambua. Tabia zao zinastahili kutazamwa kwa karibu. Komba mdogo akiamka jioni hujinyoosha, akafungua masikio yaliyokuwa yamekunjwa kama alivyolala nayo, kisha akainua mkono na mguu wa upande mmoja, akakojolea kiganja na kukisugua kwenye wayo. Halafu upande wa pili. Wapo wanaosema unyevu huo humsaidia kushika tawi, wengine wanasema ni kuacha harufu kila anapokanyaga. Sioni kwa nini isiwe yote mawili. Akishamaliza, anaruka. Mifupa ya kisigino chake imerefuka kiasi kwamba mguu una kiungo cha ziada cha kufyatukia, na komba wa gramu 200 anaweza kupanda zaidi ya mita 2 juu kwa mruko mmoja wa kusimama.

Kwa upande wa spishi, komba ndio waliowafundisha wataalamu adabu. Ngozi zilizokaa makumbushoni zilionyesha wanyama waliofanana: manyoya ya kijivu au kahawia, macho makubwa, mkia mrefu. Vitabu vya zamani vilihesabu spishi zisizofika 10. Kuanzia miaka ya 1970 watafiti, akiwemo Simon Bearder ambaye baadaye alifundisha Oxford Brookes huko Uingereza, walianza kuingia msituni usiku na vinasa sauti. Wakagundua kwamba komba wasiotofautika machoni wana miito tofauti kabisa. Mantiki iko wazi: mnyama anayetafuta mchumba gizani hana haja ya kumtambua kwa rangi ya shavu, anamtambua kwa mlio. Kila spishi ina mwito wake mkuu, na mwito huo haubadiliki sana kutoka msitu hadi msitu. Leo spishi za komba zinakaribia 20, na nyingi zilisikika kabla ya kupewa jina.

Mfano mzuri ni komba wa Rondo. Alitangazwa kuwa spishi mwaka 1997, akaitwa kwa jina la uwanda wa juu wa Rondo mkoani Lindi. Ana gramu 60 hivi, yaani ukimweka kwenye mizani atalingana na yai la kuku. Mkia wake una nywele zilizosimama pande zote kuelekea ncha, na huo ndio msaada pekee kwa anayemtafuta kwa macho. Wengine humtambua kwa mwito wake wa noti mbilimbili zinazojirudia. Baada ya Lindi alipatikana Zaraninge karibu na Saadani, Pande, na Pugu na Kazimzumbwi, vipande vya misitu ambavyo Dar es Salaam imevifikia au imekaribia kuvizingira. Kwa maneno mengine, mmoja wa primati walio hatarini zaidi duniani, aliyewekwa zaidi ya mara moja kwenye orodha ya kimataifa ya primati 25 walio karibu kutoweka, anaishi umbali wa safari ya daladala kutoka Kariakoo. Watu wangapi wa jiji hilo wanalijua jina lake? Nadhani ni wachache kuliko wanaojua jina la lemuri wa kwenye filamu za katuni.

Mwaka 2017 wataalamu waliokuwa wakiongozwa na Judith Masters waliwapanga upya komba wadogo wa Afrika Mashariki. Kabla ya hapo waliwekwa jenasi moja na komba wadogo wa Afrika ya kati na magharibi, kwa kuwa wote ni wadogo. Vinasaba vilikataa. Komba wa Unguja, wa Rondo, wa milima ya Uluguru na wenzao ni ukoo wao wenyewe, na udogo wa hao wa magharibi umetokea kivyake. Ikabidi waundiwe jenasi mpya, Paragalago.

Poto, binamu wa komba, ni kinyume chake kwa kila kitu. Anaishi misitu ya mvua kutoka Afrika ya magharibi hadi Kongo na Uganda, na Kenya anapatikana Kakamega. Haruki hata siku moja. Anatembea tawini polepole, kiungo kimoja kwa wakati, na akihisi hatari anaganda. Adui anayetafuta kitu kinachosogea haoni kitu. Kidole chake cha shahada kimebaki kibutu, jambo linalomwezesha kupanua mkono ukawa koleo kati ya gumba na vidole vingine. Shingoni mifupa ya uti imechomoza kiasi cha kupapaswa chini ya ngozi, na akishambuliwa huinamisha kichwa akaelekeza shingo hiyo kwa adui.

Binamu zake wa Asia, lorisi, wamekwenda mbali zaidi. Lorisi wa mwendo pole, wa misitu ya kuanzia kaskazini-mashariki mwa India hadi visiwa vya Indonesia na Ufilipino, ana sumu, jambo ambalo ni nadra mno kwa mamalia na halipo kwa primati mwingine yeyote tunayemjua. Ndani ya kiwiko kuna tezi. Anailamba, majimaji yake yanachanganyika na mate, kisha anauma kwa kile kitana cha meno. Kuna watu waliokaribia kupoteza maisha kwa mzio baada ya kuumwa. Akitishwa huinua mikono yote miwili juu ya kichwa ili tezi ziwe karibu na mdomo. Na hapa ndipo upuuzi wa zama zetu unapoonekana: video za lorisi akitekenywa huku ameinua mikono zimetazamwa na mamilioni ya watu mtandaoni, nao wakaandika chini yake kwamba anafurahia. Mnyama wa watu alikuwa anajiandaa kujitetea. Wengi wa wanaouzwa sokoni hukatwa meno hayo kwa koleo la kucha, bila ganzi, ili wasimuume mnunuzi. Biashara yao ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES tangu 2007, na bado inaendelea.

Upande wa Madagaska, Bukini ya mababu, hali ni tofauti kwa sababu lemuri hawakuwa na mshindani. Hakuna kima wala nyani wa asili kisiwani, hivyo wao walichukua kila nafasi. Lemuri-panya wa Madame Berthe ana gramu 30, ndiye primati mdogo kuliko wote duniani. Indri anafika kilo 9, hana mkia wa kutajika, na wimbo wake wa asubuhi husikika kilomita kadhaa. Lemuri wa mkia wa mistari hukaa juani asubuhi amefunua kifua, na dume lake hugombana kwa kupaka mkia harufu ya tezi za mikononi kisha kuupunga kuelekea kwa mpinzani. Katika spishi nyingi majike ndio wenye amri: jike akifika kwenye tunda, dume anaondoka. Lemuri-kibeti wa mkia mnene hulala usingizi wa kiangazi miezi hadi 7 ndani ya tundu la mti, akiishi kwa mafuta aliyohifadhi mkiani. Watu wa visiwa vya kaskazini-magharibi huko humwita lemuri mweusi akomba, na kisiwa cha Nosy Komba kimepata jina kwake. Mabaharia wa mwambao wetu walifika huko zamani sana na hawakuona haja ya kutafuta jina jipya.

Halafu kuna aye-aye. Mfaransa Pierre Sonnerat alimtambulisha Ulaya mwaka 1782, na aliyefuata kumwandika akamweka kwa kuchakuro. Huwezi kumlaumu. Meno ya mbele ya aye-aye ni mawili juu na mawili chini, makubwa, yanaota maisha yote kama ya panya, kitana hana. Mkia ni wa kichaka, masikio ni mapana. Kidole chake cha kati ni chembamba mno, mfupa na ngozi, na kinazunguka kwenye kiungo chake kila upande. Usiku hugonga gome la mti kwa kidole hicho, akasikiliza wapi pana uwazi, akatoboa kwa meno, akaingiza kidole na kumvuta funza. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1860, Richard Owen wa London alipochapisha uchunguzi wake wa mwili mzima, ndipo ikakubalika kwamba huyu ni primati. Vinasaba vimethibitisha: ni lemuri, ila tawi lake lilijitenga mapema kuliko lemuri wengine wote.

Ni aye-aye aliyemtoa Propotto kwa popo. Gregg Gunnell, aliyekuwa akisimamia visukuku katika kituo cha lemuri cha Chuo Kikuu cha Duke, alikuwa na bahati ya kuijua vyema mifupa ya popo pamoja na ya primati. Aliona mataya ya Nairobi hayafai kuwa ya popo. Yana tundu la jino kubwa la mbele linaloelekea nje, na magego yanamkaribia mnyama mwingine wa kale aliyefukuliwa Fayum, Misri, aitwaye Plesiopithecus, wa miaka milioni 34. Gunnell alifariki mwaka 2017. Mwaka uliofuata wenzake, akiwemo Fredrick Kyalo Manthi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichapisha kazi hiyo: Propotto na Plesiopithecus ni jamaa wa aye-aye, walioishi bara Afrika.

Uzito wa matokeo hayo ni huu. Madagaska ilitengana na Afrika miaka ipatayo milioni 160 iliyopita, kabla primati hawajakuwepo. Kwa hiyo mababu wa lemuri walivuka bahari, upana wa kilomita 400 hivi, pengine juu ya miti iliyong'olewa na mafuriko. Hilo lilionekana gumu kwa kuwa mikondo ya Mlango-bahari wa Msumbiji leo inasukuma kuelekea Afrika, hadi mwaka 2010 Jason Ali na Matthew Huber walipoonyesha kwamba enzi hizo bara na kisiwa vilikuwa kusini zaidi na mikondo iliweza kwenda mashariki. Wengi waliamini kundi moja tu lilivuka, mara moja, likazaa lemuri wote. Lakini kama jamaa wa aye-aye walikuwa bado Kenya miaka milioni 20 iliyopita, basi aye-aye huenda alivuka kivyake, safari ya pili, baadaye sana. Si wote waliokubali, na ubishi bado ni wa moto.

Uvukaji wa binadamu ndio ulioleta maafa. Lemuri wakubwa walikuwepo hadi karne chache zilizopita: angalau spishi 17 zimetoweka tangu watu wakae kisiwani, miongoni mwao Archaeoindris aliyelingana na gorila kwa uzito. Mwaka 2020 Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira ulitangaza kwamba kati ya spishi 107 za lemuri zilizobaki, 103 ziko hatarini, na 33 kati ya hizo ziko ukingoni kabisa. Moto wa mashamba, mkaa na uwindaji ndio sababu kuu, na aye-aye huuawa vijijini pia kwa imani kwamba ni mkosi.

Kwa anayetaka kumaliza ubishi wa safari moja au mbili, Madagaska yenyewe haina msaada mkubwa. Tangu mwisho wa zama za dainosaria hadi makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, kisiwa hicho karibu hakijatoa kisukuku cha mnyama wa nchi kavu. Ushahidi utatoka upande huu wa maji: Fayum, Songhor na Rusinga huko Nyanza, na bonde la Rukwa kusini-magharibi mwa Tanzania, ambako mwaka 2013 Nancy Stevens na wenzake walitangaza mabaki ya nyani na sokwe wa miaka milioni 25, taya moja kwa kila mmoja. Stevens ni mmoja wa walioandika ile kazi ya 2018 kuhusu Propotto. Ili nadharia ya safari mbili isimame sawasawa, kinahitajika kichwa cha Propotto, au mkono wake wenye kile kidole chembamba cha aye-aye, na mpaka sasa hakuna aliyeokota kimojawapo.